Pointi zitakufikisha Morogoro, mlimani beba taslimu

Mwezi Juni ukikaribia, watoto huhesabu siku za likizo na wazazi huhesabu shilingi. Katikati ya hesabu hizo ndipo unapoingia ule ujumbe kwenye simu: "Ndugu mteja, una pointi 12,000." Wengi wetu huusoma, tukafurahi kidogo, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Ni wachache wanaokaa chini wakajiuliza: pointi hizi, kwa shilingi, ni kiasi gani?

Nyumbani kwetu swali hilo lilikuja na jingine zito zaidi. Mama yangu anaishi Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mjukuu wake wa mwisho ana miaka mitatu na alikuwa hajawahi kumtia machoni. Safari ilipangwa mara mbili na mara mbili ikaahirishwa, kwa sababu ile ile inayoahirisha safari nyingi za Watanzania. Mama mwenyewe hasafiri tena, magoti yamechoka. Na kwa Waluguru jambo hili si dogo: ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo watoto wangu ni watoto wa ukoo wa huko mlimani, hata kama wamezaliwa Temeke na baba yao ni mtu wa bara. Mtoto kukua bila kujulikana na ukoo wake ni aibu inayomrudia mama yake.

Basi mwezi Aprili mimi na baba watoto tulikaa mezani na daftari. Hatukuwa na fedha mpya. Tulikuwa na akiba ndogo, na pointi za sehemu tatu: za simu, za kadi ya benki na za duka kubwa tunakonunua mahitaji ya mwezi. Ninaandika hapa jinsi tulivyozipigia hesabu, na mahali ambapo hesabu hiyo ilifika mwisho, kwa sababu naamini familia nyingi zina pointi kama hizo zilizolala.

Pointi si pesa, ni punguzo

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba pointi haina bei yake yenyewe. Noti ya shilingi 10,000 ni shilingi 10,000 Kariakoo, Msamvu na Nyandira. Pointi inaweza kuwa na thamani ya shilingi moja ukiitumia hapa na shilingi nne ukiitumia pale, ndani ya kampuni hiyo hiyo na siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza "kubali", piga hesabu fupi. Chukua bei ya kitu kwa fedha taslimu. Toa ada au nyongeza yoyote utakayotakiwa kulipa juu ya pointi. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya pointi wanazotaka. Jibu ndiyo thamani ya pointi moja kwa matumizi hayo.

Pointi zetu za simu zilikuwa 12,000. Tungeweza kuzigeuza salio la kupigia, pointi moja kwa shilingi moja, tukapata shilingi 12,000. Lakini bando la wiki, ambalo tunalinunua kila Jumatatu kwa shilingi 3,000, lilitaka pointi 2,000. Gawanya: shilingi moja na nusu kwa pointi. Pointi zile zile zikatoa bando za wiki sita, yaani shilingi 18,000. Tofauti ya shilingi 6,000 ilipatikana kwa kusoma orodha hadi mwisho badala ya kuchagua cha kwanza.

Neno la pili ni "bei ya fedha taslimu". Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuwa orodha za zawadi huwa na bei zake. Kwenye orodha ya kadi yetu kulikuwa na blenda iliyoandikwa kuwa ina thamani ya shilingi 120,000, kwa pointi 20,000, ambazo ndizo zote tulizokuwa nazo. Ukiamini karatasi, hiyo ni shilingi sita kwa pointi, biashara nzuri. Lakini blenda ya aina hiyo tuliiona Kariakoo kwa shilingi 75,000. Thamani ya kweli ikashuka hadi shilingi 3.75 kwa pointi. Na blenda nyumbani tunayo. Vocha ya duka kubwa kwa pointi hizo hizo ilikuwa shilingi 80,000, sawa na shilingi nne kwa pointi, na haikuhitaji tununue kitu tusichokihitaji.

Kulikuwa pia na usiku mmoja katika hoteli ya ufukweni Zanzibar, wenye bei ya shilingi 150,000. Shilingi saba na nusu kwa pointi! Kwa hesabu ya karatasi hakuna kilichoishinda. Lakini ili familia ya watu watano ilale usiku huo mmoja, ingebidi tulipe boti kwenda na kurudi, chakula na chumba cha pili. Zawadi inayokulazimisha kutoa fedha ambazo hukuwa na mpango wa kuzitoa haijakupa chochote. Imekuuzia safari.

Kutokana na hayo tulijiwekea kanuni moja, nayo ndiyo iliyotufikisha mlimani: pointi itumike pale ambapo itaokoa shilingi ambayo ilikuwa itoke mfukoni hata bila pointi. Unga, mafuta ya kula, sabuni na bando la wiki tungenunua vyovyote vile. Pointi zilipovilipia, shilingi zikabaki. Na shilingi, tofauti na pointi, hupanda mlima.

Kwa nini usizikalie

Zipo familia zinazolea pointi kama kuku wa mayai, zikiamini zitaongezeka thamani. Mfano mzuri wa kutufundisha uko kwa majirani zetu wa Kenya. Safaricom ilianzisha pointi za Bonga mwaka 2007, mteja akipata pointi moja kwa kila shilingi 10 za Kenya anazotumia. Wakati wa korona, mwaka 2020, pointi hizo ziliruhusiwa kulipia bidhaa madukani kwa senti 30 kila moja. Maana yake, aliyetumia shilingi 1,000 za Kenya alirudishiwa kama shilingi 30. Baadaye thamani hiyo ikawa senti 20. Pointi ni zile zile na mteja ni yule yule, lakini theluthi moja ya thamani imeondoka. Kisha mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingeanza kufutwa Januari 2023, na watu wakaanza kuzitafutia matumizi haraka haraka.

Hakuna anayepaswa kushangaa. Pointi ni ahadi ya kampuni, na masharti ya ahadi hiyo hupangwa na kampuni yenyewe. Fedha iliyo benki ina Benki Kuu nyuma yake. Pointi nyuma yake ina ukurasa wa masharti unaoweza kubadilishwa.

Hapa kwetu ni vizuri pia kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huviweka kapu moja. Kuna pointi, ambazo unazipata kwa kadiri unavyotumia. Kuna droo, kama zile kampeni za MastaBata za NMB, ambapo ukilipa kwa kadi unaingia kwenye nafasi ya kushinda. Ukishinda shukuru Mungu, lakini droo haiwekwi kwenye bajeti ya safari. Na kuna gawio, kama lile lililoanzishwa mwaka 2014 na Tigo Pesa, sasa Mixx by Yas, la kuwagawia wateja sehemu ya faida ya fedha zao zilizohifadhiwa. Hilo huja kama fedha, na halihitaji hesabu yoyote ya kugawanya.

Na kwa wenye kadi za mkopo, ambazo kwetu bado ni chache kuliko kadi za kawaida za benki, neno moja tu: pointi hazishindi riba. Kadi yetu ilitoa pointi moja kwa kila shilingi 400, na pointi tuliitumia kwa shilingi nne, sawa na asilimia moja. Tuseme mtu anadaiwa shilingi 300,000 na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Anapata pointi za shilingi 3,000 mara moja, na anatozwa shilingi 9,000 kila mwezi deni likiendelea kukaa. Mwenye deni la kadi alipe deni kwanza. Mlima haumkimbii.

Treni, na shilingi 78,000

Zamani safari ya Morogoro ilikuwa siku nzima ya foleni: Kimara, Kibaha, Chalinze, na roho mkononi kila lori linapolipita lori. Tangu Juni 14, 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari hiyo imekuwa ya chini ya saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida iliyopangwa na LATRA treni ilipoanza ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hadi 12 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka minne hasafiri kwa tiketi ya kulipia.

Kwetu ilikuwa hivi: watu wazima wawili shilingi 26,000, mtoto wa miaka 11 na wa miaka saba shilingi 13,000 wote wawili, mdogo bure. Jumla 39,000 kwenda, 78,000 kwenda na kurudi. Itazame na ile vocha ya shilingi 80,000. Treni haipokei pointi. Unapewa namba ya malipo na unalipa kwa simu au benki kama kila mtu. Lakini mwezi Mei manunuzi ya nyumbani yalilipwa na vocha, na shilingi 80,000 za manunuzi hayo zikahamia kwenye tiketi. Ndiyo maana nasema pointi zitakufikisha Morogoro hata kama hakuna kaunta ya stesheni inayozijua.

Ushauri kwa wanaosafiri na watoto: kata tiketi mapema, kwa kuwa likizo za shule hujaza mabehewa, na beba vitambulisho. Kaeni dirishani. Baada ya Ruvu nchi ni tambarare ya vichaka na mashamba ya mkonge, halafu polepole upande wa kushoto milima inasimama, ya buluu kwanza, kisha ya kijani, na wingu limekaa kichwani kama kilemba. Mtoto wangu wa kati aliuliza kama ni mvua. Baba yake akamwambia, "Hiyo ndiyo kwa bibi."

Stesheni ya SGR haiko katikati ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji au teksi, na mwulize bei kabla hujapanda.

Mji Kasoro Bahari

Morogoro huitwa Mji Kasoro Bahari, na ukitembea chini ya miembe yake utaona wenyeji hawatanii. Kila kitu kipo: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo mwaka huo huo, historia ya muziki wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la machifu wa Waluguru wa Kinole. Nenda sokoni asubuhi. Ndizi, mananasi, mdalasini na pilipili manga vinateremka kutoka upande wa Kinole na Matombo. Kabichi, karoti, njegere na matunda ya nchi za baridi vinateremka kutoka upande wa Mgeta. Ni mlima uleule, wenye mabega mawili.

Mjini kadi bado inafanya kazi, lakini hapa ndipo hesabu inapohitaji macho. Nyumba ya wageni tuliyolala usiku wa kwanza ilikuwa na mashine ya kadi, na mhudumu alitueleza kwa upole kwamba anayelipa kwa kadi anaongeza asilimia 3. Chumba kilikuwa shilingi 50,000. Kwa kadi kingekuwa 51,500, na pointi ambazo tungepata zingekuwa na thamani ya shilingi 500. Tungelipa 1,500 ili tupewe 500. Tulilipa taslimu. Kila unapolipa kwa kadi uliza kwanza, "Bei ni ile ile?" Ikiwa siyo, pointi zimekwisha kuliwa kabla hujazipata.

Kwa familia isiyo na ndugu mlimani, Morogoro yenyewe inatosha kwa siku mbili. Mnaweza kupanda hadi Morningside, ilipo nyumba ya kale ya enzi za Wajerumani, na kuutazama mji wote kutoka juu. Wanaotaka kuingia msituni, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru iliyotangazwa mwaka 2008, wanahitaji kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Malipo yake ni kwa namba ya malipo ya serikali, na serikali haina pointi.

Pale mtandao wa tuzo unapoishia

Kwenda Mgeta unashika barabara ya Iringa, unapita njia ya Mzumbe hadi Sangasanga, kisha unakata kushoto kuelekea Mlali. Baada ya Mlali gari linaanza kupanda, na kila kona unaacha kitu nyuma: joto kwanza, kisha embe, kisha lami. Wakati wa masika njia hii huteleza, na madereva wenyewe huisubiri. Juni kuna vumbi na baridi. Beba masweta kwa ajili ya watoto na usidanganywe na jua la mchana.

Beba pia taslimu, na noti ziwe ndogo. Wakala wa simu wapo Mgeta, na watu wanatumiana fedha kama kwingineko, lakini siku wakala anapoishiwa fedha hakuna wa pili karibu. Ukitoa fedha kidogo kidogo kila siku unalipa ada kila mara. Toa mara moja mjini, kiasi ulichokipangia. Tumekwisha jifunza wote, tangu ile tozo ya miamala ya Julai 2021, kwamba kati ya tuzo na tozo kuna herufi moja tu. Kazi ya mwenye familia ni kuhakikisha ya pili haili ya kwanza.

Pointi zetu za tatu, zile za duka kubwa, zilikuwa vocha ya shilingi 18,000 iliyokuwa imalizike mwisho wa Juni. Tulizitumia kabla ya kuondoka kwa zawadi za mama: sabuni, majani ya chai, chumvi na biskuti za wajukuu wa huko. Sukari hatukununua. Sukari nyingi tunayonunua Dar imetoka Kilombero na Mtibwa, huko huko mkoani Morogoro. Kuibeba kuirudisha kwao ni sawa na kupeleka maji ziwani.

Tulifika alasiri. Mama alikuwa amekaa nje kwenye jua la mwisho, kajifunika vitenge viwili. Watoto wakubwa walisogea wakaamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba, marahaba wajukuu zangu." Mdogo alijificha nyuma ya baba yake. Mama hakumwita. Alichukua karoti moja kwenye ungo, akaifuta kwa kitenge, akaishika tu mkononi, akaendelea kuzungumza na mimi habari za njia. Baada ya muda mtoto alitoka mwenyewe. Alipopokea karoti, mama alimshika kidevu, akamgeuza uso kushoto na kulia, akataja jina la dada yake aliyekufa zamani. "Kamchukua," alisema. Hakuna duka la pointi lenye kitu hicho kwenye orodha.

Mjomba na gunia lenye kichwa

Usiku, motoni, mjomba wangu aliuliza tumewezaje mwaka huu tuliposhindwa miaka iliyopita. Nikamweleza habari za pointi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo watu wa mjini hatuulizi.

"Na hizo pointi, mwanangu, anayezilipa ni nani?"

Nikamwambia ni benki. Akacheka. Mjomba analima kabichi na viazi, na amepambana na lumbesa maisha yake yote. Msomaji asiyejua lumbesa ni nini, ni lile gunia linaloshonewa kichwa cha ziada juu, mkulima akauza gunia moja na robo kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umeipiga marufuku na kuifanyia kampeni, lakini kila mkulima wa viazi ataisimulia. "Mnunuzi huona kapata nyongeza," mjomba alisema. "Mimi ndiye ninayejua imetoka wapi. Hakuna nyongeza ya bure. Ukiona gunia lina kichwa, jua kuna mtu kakatwa."

Na ndivyo ilivyo. Mwenye duka anapopokea malipo kwa kadi hukatwa asilimia fulani, na sehemu ya makato hayo ndiyo inayorudi kwetu ikiitwa zawadi. Mwenye duka naye huyaingiza kwenye bei. Kwa hiyo sisi tunaopata pointi tumekwisha kuzilipia, pamoja na yule aliyelipa taslimu na hakupata kitu. Sioni dhambi kuzitumia. Kuziacha zifutwe ndiyo hasara, kwa maana ni fedha zetu zilizozunguka. Lakini kununua zaidi ili upate pointi zaidi ni kushona kichwa cha gunia lako mwenyewe.

Waluguru hawakuanza leo kupima ahadi za namna hii. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, ikiwaahidi faida baadaye. Jasho lilikuwa la leo, mavuno yalikuwa ya ahadi, na udongo mbaya wa chini uliletwa juu. Mwaka 1955 watu wa Matombo walisimama kupinga, na mpango ukaachwa. Si kwamba walipenda udongo uende. Walipiga hesabu.

Miaka ya karibuni hesabu hiyo ilijaribiwa kwa namna nyingine. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, na Ruvu huanzia kwenye misitu hii. Mashirika ya CARE na WWF yaliendesha upande wa Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima wanaotunza udongo na miti, na miongoni mwa walipaji walikuwa DAWASCO na Coca-Cola, watumiaji wa maji walioko bondeni. Hiyo nayo ni tuzo, na nilipomtajia mjomba aliuliza lile lile: inalingana na jasho? Mkulima anayeacha sehemu ya shamba ili ipandwe miti anapoteza mavuno ya sehemu hiyo. Tuzo isipofikia mavuno hayo, miti itakatwa, na sisi wa Dar tutakunywa tope. Tangu hapo nikifungua bomba nyumbani Temeke nafikiri habari za kichwa cha gunia.

Kabla likizo haijafika

Hesabu yetu yote ya pointi ilikuwa hivi: bando shilingi 18,000, manunuzi ya nyumbani 80,000, zawadi za mama 18,000. Jumla shilingi 116,000, kutoka kwenye vitu ambavyo vingeweza kulala hadi vifutwe. Treni ilikula 78,000. Gari la kupanda mlima, chumba cha usiku mmoja na fedha ya kumwachia mama zilitoka kwenye akiba. Pointi hazikulipia safari yote, na mtu akikuambia zake zililipa yote, mwombe akuonyeshe daftari.

Kwa anayetaka kufanya hivyo, haya ndiyo ya kufuata. Anza wiki sita au nane kabla, kwa sababu pointi huokoa shilingi polepole, bando kwa bando, na fedha inayookolewa lazima iwekwe pembeni siku hiyo hiyo, vinginevyo itayeyuka kwenye chipsi na vocha. Andika pointi zote mlizonazo, za baba na za mama, pamoja na tarehe zake za mwisho. Zinazokaribia kufutwa zitangulie. Gawanya bei ya sokoni kwa pointi, usiamini bei ya orodha. Chagua kile ambacho mlikuwa mnakinunua tayari. Usiongeze manunuzi kwa ajili ya pointi, na usibebe deni la kadi kwa ajili yake.

Ukifika Uluguru weka simu mfukoni. Nunua karoti kwa mkulima mwenyewe, kwa taslimu, kwa kipimo halali, bila kudai nyongeza. Anayeuza pale njiani hana benki ya kumfidia.